Bwawa Linalokaushika: Misingi ya Kuanzisha na Kusimamia Ufugaji wa Samaki Luena

Mada hii ya semina inahusu ufugaji wa samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, katika mabwawa madogo ya udongo yanayoweza kuchimbwa na kaya moja huko Luena, mji wa makaa ya mawe ulio kwenye reli itokayo Lubumbashi kwenda Kamina, jimboni Haut-Lomami. Kwa kuwa mji wa Bukama na maziwa ya bonde la Upemba hayako mbali, mtu aweza kuuliza kwa nini ahangaike kufuga kile ambacho mto Lualaba hukitoa bure. Jibu ni kwamba samaki wa mto hufuata msimu wake, ilhali wa bwawani huvuliwa siku aliyoipanga mwenyewe. Na uwezo huo wa kupanga siku hutegemea jambo moja ambalo wachimbaji wengi hulidharau, nalo ni kulikausha bwawa hadi tone la mwisho.

Kazi hii si ngeni Katanga, eneo ambalo Luena imo. Katika miaka ya 1940 na 1950 kituo cha Kipopo, karibu na Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, kilichunguza ufugaji wa tilapia, samaki ambaye kwingine huitwa perege au sato, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 Kongo ya Wabelgiji ilihesabiwa kuwa na mabwawa zaidi ya 120,000. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mengi yaliachwa yakaota magugu. Washauri wa ufugaji waliondoka, na wakulima wengi walikuwa wamechimba kwa msukumo wa utawala kuliko kwa hiari. Lakini sababu nyingine ilikuwa ndani ya maji yenyewe. Tilapia huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na bwawa lisipovuliwa kwa wakati wazazi, watoto na wajukuu hugombea chakula kilekile, wote wakabaki na urefu wa kidole. Mkulima alidhani mbegu ni mbovu, kumbe kosa lilikuwa la hesabu.

Eneo linalofaa ni mteremko mpole ulio chini ya chanzo cha maji kisichokauka kiangazi, ili maji yaingie na kutoka yenyewe bila pampu. Udongo hupimwa kwa mkono: konzi ya udongo hulowanishwa, hufinyangwa kuwa tonge, hurushwa juu na kudakwa; likisambaratika, mchanga umezidi. Kisha huchimbwa shimo la kufika kiunoni, likajazwa maji asubuhi, likaongezwa jioni na kufunikwa kwa majani. Kesho yake maji yakiwa bado mengi, hapo pana bwawa. Bwawa la kujifunzia latosha kuwa na ari 2, yaani mita 10 kwa 20, lenye kina cha sentimita 60 upande wa kuingilia maji na sentimita 120 upande wa kutokea, ambako huwekwa bomba au kile kinara cha saruji chenye mbao za kuchomoa ambacho mafundi wa Kongo hukiita kwa Kifaransa moine, yaani mtawa.

Luena ina kishawishi chake: shimo la makaa lililojaa maji huonekana kama bwawa la bure. Lakini shimo kama hilo halikaushiki, na makaa yenye salfa yanapokutana na hewa na maji huweza kuzalisha asidi inayodhuru samaki. Asidi hafifu ya udongo hurekebishwa kwa chokaa ya kilimo. Ya shimo la mgodi ni heri kuiacha.

Bwawa la ari 2 hupandikizwa vifaranga 400, yaani wawili kwa kila mita ya mraba. Inafaa watafutwe wa jamii za humuhumu, kwa kuwa tilapia wa kigeni anayetoroka aweza kuzaana na wale wa Upemba na kuiharibu mbegu ya asili. Chakula kikuu ni ukijani wa maji, yaani mimea midogo sana inayostawi kwa mboji iliyorundikwa pembeni ndani ya uzio wa vijiti. Pumba za mahindi, mchwa na mashudu ya mawese ni nyongeza. Ukijani hupimwa kwa kuzamisha mkono ulionyooka: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, hali ni njema; kikionekana bado, mboji iongezwe; kikipotea kabla ya maji kufika hapo, isimamishwe. Samaki wanaotweta juu ya maji alfajiri hawana njaa, kama wengi wanavyodhani, bali wamekosa hewa, kwa sababu usiku ukijani nao huvuta hewa ileile.

Baada ya miezi sita bwawa hufunguliwa lote. Wakibaki samaki 300 wa gramu 120 kila mmoja, mavuno ni kilo 36, kiasi kisichotajirisha mtu, ila kinachoonyesha daftarini kama pumba na vibarua vimelipika. Tope huachwa hadi lipasuke kwa jua kabla ya maji mapya kuingia. Washiriki wa semina hii wanaombwa wasichimbe bwawa la pili kabla ya kulikausha la kwanza, kuwahesabu samaki wake na kuiandika hesabu hiyo.