Kingamwili Baada ya Maambukizi Mepesi ya Korona: Kusoma Majibu ya Maabara kwa Uangalifu



Mada hii inawahusu watu ambao virusi vya korona viliwapitia bila kuwalaza: waliokohoa siku chache, na wale ambao hawakuhisi lolote. Je, miili yao ilibaki na kinga? Hoja yangu ni kwamba kupungua kwa kingamwili katika damu ni jambo moja, na kutoweka kwa kinga ni jambo jingine. Tukiyachanganya, tutawapotosha wagonjwa wetu.

1. Viwango hushuka

Mwaka 2020, watafiti wa Chongqing, China, walilinganisha waambukizwa 37 wasio na dalili na wengine 37 wenye dalili. Majuma machache baadaye, asilimia 40 ya wasio na dalili hawakuonekana tena na IgG, aina mojawapo ya kingamwili. Kwa wenye dalili ilikuwa asilimia 12.9. Wengi walihofu kwamba ugonjwa mwepesi hauachi kinga.

Matokeo ya Iceland ya mwaka huohuo yalikuwa tofauti. Kati ya watu 1,215 waliothibitishwa kuambukizwa na kupona, zaidi ya asilimia 91 walikuwa na kingamwili, na viwango havikushuka ndani ya miezi minne. Vipimo navyo havikuwa sawa: Iceland ilitumia vinavyonasa kingamwili za aina zote, si IgG peke yake.

2. Kwa nini hushuka

Mwili unapovamiwa, seli nyingi za muda huzalisha kingamwili kwa wingi, kisha hufa. Ni kama vibarua wa msimu wa mavuno: kazi ikiisha huondoka, wenye shamba wakabaki. Wenye shamba hapa ni seli za plazma zinazokaa ndani ya uboho wa mifupa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walithibitisha hilo mwaka 2021. Waliwafuatilia watu 77, wengi wao wakiwa waliougua kidogo tu. Kingamwili zilishuka haraka miezi minne ya kwanza, kisha polepole, na bado zilionekana miezi 11 baada ya maambukizi. Uboho wa watu 18 ulipochunguzwa miezi saba hadi minane baada ya maambukizi, wengi wao walikutwa na seli hizo za plazma zinazozalisha kingamwili dhidi ya virusi hivi. Nchini Sweden, watafiti wa Taasisi ya Karolinska walikuta seli T, aina nyingine ya seli za kinga, zinazovitambua virusi hivi hata kwa baadhi ya watu wasio na kingamwili katika damu.

3. Somo la wachangiaji damu wa Kenya

Kati ya Aprili na Juni 2020, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walipima damu ya wachangiaji 3,098. Waliokutwa na kingamwili walikuwa 174, yaani asilimia 5.6. Baada ya marekebisho ya kitakwimu, kiwango cha taifa kilikadiriwa kuwa asilimia 4.3, Mombasa ikiongoza kwa asilimia 8.0. Wakati huo visa vilivyothibitishwa nchini vilikuwa elfu chache tu.

Mchangiaji damu hupokelewa akiwa mzima. Kwa hiyo takwimu hizi zinawagusa hasa watu tunaowajadili leo, na kwa kuwa kingamwili zao huweza kushuka, utafiti wa namna hii unaweza kuwakosa baadhi ya walioambukizwa zamani.

4. Mapendekezo

Kwanza, fomu ya majibu ionyeshe aina ya kipimo na muda uliopita tangu dalili au tangu kukutana na mwambukizwa. Pili, tusimwambie mtu "huna kinga" kwa sababu tu kipimo hakikuona kingamwili. Tatu, tusimwambie aliyekutwa nazo kwamba hawezi kuambukizwa tena; Omikroni, aina mpya ya virusi hivi iliyozuka mwishoni mwa 2021, iliwapata wengi waliokwisha kuugua au kuchanjwa. Nne, walioambukizwa wahimizwe kuchanjwa, kwani chanjo huikuza kinga waliyonayo.

Nawasihi wataalamu wa maabara na waganga wenzangu: kila tunapompa mtu karatasi ya majibu, tumpe na maelezo ya kile kipimo kilichoona na kile kisichoweza kuona.