AZABU YA ZAMANI NA MIAKA YA KAZI
Maneno yaliyosemwa mbele ya watumikaji wa mugodi na watu wa muji

Ndugu watumikaji, na ninyi mama na baba wa muji,

Kila tunapokutana kwenye mulango wa kazi, swali ni lile lile. Mutu anauliza: "Niliandikiwa azabu miaka mingi iliyopita. Je, miaka yangu ya kazi imekatwa? Je, cheo changu kimekufa?" Swali hili limekaa muda murefu midomoni mwa wakubwa wa timu, nao wanalijibu namna wanavyotaka. Leo tunalijibu sisi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Miaka ya kazi, ile ambayo kwenye biro wanaiita ansyenete, ni hesabu. Inaanza siku uliyoandikishwa na inaendelea mpaka mukataba umekwisha. Cheo si hesabu. Cheo ni hukumu ya mukubwa, anayeangalia kazi yako na mwenendo wako, kisha anachagua. Mwenye kuchanganya hivi viwili, ao hajui, ao anataka kukuibia.

Sasa tuiangalie sheria. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inahesabu kusimamishwa kwa azabu, ile tunayoita mizapie, kati ya mambo yanayosimamisha mukataba. Kusimamisha si kuvunja. Gari lililosimama njiani halijauzwa. Tena sheria imeweka mupaka: mara 2 kwa mwaka, kila mara siku 15, basi. Hata hizo siku 15, ni lazima ziwe zimeandikwa kwanza katika mukataba wako, ao katika mapatano ya kampani na sindika, ao katika kanuni ya kampani. Azabu isiyoandikwa popote ni hasira ya mukubwa tu, hata akiipiga muhuri.

Pengine mutu atasema: miaka ya kazi itanisaidia nini, kama mushahara ni ule ule? Ndugu, tufanye hesabu. Kampani ikitaka kuvunja mukataba usio na mwisho, na mutumikaji hana kosa kubwa, inapaswa kumupa muda wa kumujulisha: siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka muzima wa utumishi usiokatika. Tuseme mutu ana miaka 12. Mara 7, inakuwa 84; ongeza 14, ni siku 98. Lakini karani wa biro anamuambia: "Wewe ulipewa mizapie katika mwaka wa 8, basi tunahesabu tangu uliporudi." Anamuachia miaka 4: siku 28 na 14, ni siku 42. Siku 56 zimepotea. Ni zaidi ya miezi 2 ya chakula cha watoto, kwa sababu ya azabu ya siku 15 ambayo mutu alikwisha kuilipa. Hata kama mutu angebishana kwamba siku zenyewe za mizapie zisihesabiwe, ni siku 15 zinazobishaniwa, si miaka 8!

Na konje vilevile: inaongezeka siku 1 ya kazi kwa kila miaka 5 kwa bwana yule yule. Ukikatiwa miaka, unakatiwa konje pia, kila mwaka, kimyakimya.

Lakini muangalie jambo moja. Kuna mahali ambapo mutu anarudi kutoka mizapie na anapewa karatasi asaini, wanamuambia ni karatasi ya kurudi kazini. Kumbe ndani yake kumeandikwa mukataba mupya, na tarehe mupya. Karatasi ya namna hiyo ndiyo inayoua miaka, azabu haina nguvu hiyo. Usisaini mbele ya dirisha la biro ukiwa na furaha ya kurudi. Ipeleke kwanza kwa delege wa sindika aisome.

Tufike kwa cheo. Hapa hatutawadanganya ili mutupigie mikono. Mukubwa ana haki ya kuchagua nani awe kapita wa timu, nani apewe mashini kubwa. Na kuna makosa yanayostahili kukumbukwa. Mutu aliyeshuka shimoni amelewa, ao aliyewasha baruti bila kuita wenzake, sisi hatutamusimamia tukisema apewe watu 20 kesho yake. Wajane wa mugodi wangetuuliza.

Shida yetu ni azabu isiyo na mwisho. Mutu alichelewa mara 3 mwaka ule mutoto wake alipolazwa. Akapewa barua ya lawama. Miaka 9 imepita, hakuchelewa tena, vijana aliowafundisha wamekuwa wakubwa wake, na kila anapoomba jibu ni moja: "Dosie yako." Kosa moja, azabu moja mwanzoni, kisha azabu ya pili, ya tatu, kila mwaka wa vyeo, bila barua wala tarehe. Huko Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1982, azabu iliyopita miaka 3 haiwezi kutumiwa tena kutetea azabu mupya. Sheria ile haisemi juu ya vyeo, lakini fikira yake ni safi: dosie nayo inapaswa kuzeeka. Tunataka sindika zetu zipeleke jambo hili kwenye meza ya mapatano. Idadi ya miaka iandikwe. Mutumikaji aonyeshwe dosie yake. Na anayekataliwa cheo apewe sababu kwa maandishi.

Wazee wetu walijua kufuatwa na karatasi. Kwa dekreti ya tarehe 16 Marsi 1922, kuvunja mukataba wa kazi kuliweza kumutia mutu mweusi gerezani. Siku hizi sheria inasema cheti cha mwisho wa kazi kionyeshe aina ya kazi, muda wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba ya akiba ya uzee. Neno lingine haliruhusiwi kuongezwa. Basi bwana wa zamani hawezi kuandika azabu zako humo ili bwana mupya azisome. Inakuwaje ndani ya kampani moja mutu afungwe maisha yake yote na barua moja?

Ukipewa azabu, omba barua, na barua ijibu kwa barua, hata mistari 3. Weka kopi nyumbani, si katika sanduku la kazini. Ukikatiwa miaka, nenda na delege kwa Enspekta wa Kazi. Ni lazima kupita kwake kwa upatanisho kabla tribinali ya kazi haijapokea mashitaka yako; wengi wamerudishwa mulangoni kwa kuruka ngazi hii.

Wenye barua za namna hii wazilete kwa delege wao juma hili, pamoja na mukataba wa kwanza kabisa. Wake watusaidie kuutafuta ndani ya masanduku, kwani bila tarehe ya kuanza hatuwezi kuhesabu kitu.