Tangi la Mende wa Madagaska

Leo tuko na wafugaji wa mende wa Madagaska, yule asiye na mabawa anayefoka kama nyoka akishtuliwa. Mzima hufikia sentimita 5 hadi 7, na jike mmoja aweza kuzaa watoto 20 au zaidi kwa mkupuo. Basi usipime nafasi kwa mende ulio nao leo. Wapimie watakaokuwamo miezi ijayo.

Kwa kuanzia, tangi la lita 40 linawatosha wazima kumi na kitu. Lakini lita pekee hazitoshi kukuongoza, kwa sababu mende hukaa kwenye kuta na nyufa. Simamisha wima trei za mayai za karatasi: kinyesi kitadondoka chini, na kila trei itawapa pande mbili za kushikilia. Juu acha wazi kiasi cha kiganja. Kioo wanakipanda bila taabu, kwa hiyo paka ukingoni mafuta ya mgando, upana wa vidole viwili, kisha funika kwa wavu.

Madume hugombea eneo kwa kusukumana na pembe zao. Wakisukumana kila mara na wanyonge wakabanwa kwenye mfuniko, andaa tangi la pili.