Ubeti Mmoja kwa Siku

Wasikilizaji wetu wa Kasense na Ufipa yote, leo tunawaomba jambo moja: kila siku, kabla ya kulala, muwe na ubeti mmoja wa shairi.

Msiseme ushairi ni wa watu wa pwani. Mathias Mnyampala, aliyezipa umaarufu ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Wala msiseme hamna nafasi: Shaaban Robert alitunga huku akiwa karani wa serikali; hakusubiri kustaafu.

Soma ubeti kwa sauti, taratibu, mara mbili. Kisha jiulize: leo nimesema nini, nimemkosea nani? Halafu tunga mshororo wako, hata kama umerudi shambani umechoka. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani, yaani silabi, 16: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Hesabu kwa vidole: ba-ri-di-ya-a-su-bu-hi, nane, ya-ni-ku-mbu-sha-wa-ze-e, nane. Kule kuhesabu ndiko kunakotuliza moyo, maana ni vigumu kupanga mizani huku ukiendeleza ugomvi wa mchana.

Anayejua kusoma awasomee bibi na watoto. Daftari la shule lililobakiwa na kurasa chache linatosha. Andikeni na tarehe, ili mwakani mahindi yakivunwa muone mlikuwa mnawaza nini.