Saa za Jioni Zina Bei Gani?

Kila mtu atwae daftari na kalamu, kwa kuwa leo tutajumlisha, tutazidisha na tutagawanya, na somo la namna hii halishikiki kwa masikio matupu. Nawe unayelisoma baadaye katika karatasi hii, fanya kila hesabu kwa mkono wako mwenyewe kabla hujatazama jibu.

Bwana mmoja ametuletea swali. Mchana ameajiriwa katika ofisi moja hapa Dar es Salaam, na kazi yake ni kutunza kompyuta. Jioni na siku za Jumamosi watu humwita: huyu kompyuta yake haiwaki, yule ataka kuunganishiwa intaneti dukani, mwingine ataka programu ya kuandika mali inayoingia na inayotoka. Kazi haimpungukii. Lakini asema hivi: "Kila mwezi nafanya kazi mpaka usiku, na mwisho wa mwezi sioni kitu. Nitoze kiasi gani?"

Nimelichagua swali lake kwa sababu ni la wengi. Huenda wewe hujui hata kuiwasha kompyuta, lakini jioni washona nguo, au wasuka nywele, au una mtoto aliyeajiriwa ambaye naye hufanya kazi za pembeni. Hesabu ni ile ile.

Haya, tuanze. Tuseme mshahara wa bwana huyu ni Sh. 780,000 kwa mwezi. (Sikutoa siri yake, nimeiweka mimi, ili igawanyike vizuri.) Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mwisho wa saa za kawaida kuwa 45 kwa juma. Katika kugeuza mshahara wa mwezi kuwa wa juma, sheria hiyo huhesabu majuma 4 na kama theluthi moja. Zidisha 45 kwa 4 na theluthi: ni saa 195. Sasa gawanya 780,000 kwa 195. Umepata ngapi? Sh. 4,000.

Bwana wetu naye alifika hapa. Akasema, "Basi, saa yangu moja ni Sh. 4,000," akaanza kuwatoza watu bei hiyo. Mtu akisikia haraka ataona ni haki kabisa. Lakini tuitazame vizuri ile saa ya mchana. Meza, kiti, umeme na kompyuta ni vya mwajiri. Akiugua, mshahara haukatiki siku ile ile. Ana likizo ya malipo ya siku 28 kwa mwaka. Mwajiri humchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Hata zile dakika anazokaa bure akingoja kazi, zimelipwa. Jioni hana hata kimoja katika hivyo. Akilala na homa Jumamosi, Jumamosi hiyo haina hela.

Tuandike matumizi yake ya jioni. Kompyuta mpakato, ile ya kukunja, aliinunua kwa Sh. 1,440,000, na tuseme itamfaa kwa miaka 3. Miaka 3 ni miezi 36. Gawanya, utapata Sh. 40,000 kwa mwezi. Watu wengi huisahau hesabu hii, kwa sababu fedha hiyo haitoki mfukoni kila mwezi. Hutoka yote kwa siku moja, siku chombo kinapokufa. Tena yuko na bando la intaneti, Sh. 30,000. Nauli, Sh. 20,000. Umeme wa nyumbani, Sh. 10,000. Jumlisha: Sh. 100,000 kila mwezi.

Sasa saa zenyewe. Kwa juma hutumia saa 10 katika kazi hizi. Je, zote zalipwa? Hapana. Saa 4 katika hizo hupotelea ndani ya daladala, na katika kumsikiliza mteja akieleza shida yake mara tatu, na kumngoja mwenye duka ambaye "anakuja sasa hivi", na kupiga simu za kudai. Zilizobaki za kulipwa ni 6. Kwa majuma 4, basi, saa 40 zimetoka nyumbani kwake, na 24 tu ndizo zinazolipwa.

Zidisha 24 kwa 4,000. Ni Sh. 96,000. Matumizi yalikuwa ngapi? Sh. 100,000.

Tazama tena daftari lako. Bwana huyu amekosa kula na watoto wake kwa saa 40, na mwisho wa mwezi amewalipa wateja wake Sh. 4,000 kwa kumruhusu awafanyie kazi. Ndiyo maana haoni kitu. Hakuibiwa, wala hana mkono wa kutapanya. Bei yake ndiyo mbovu.

Je, bei nzuri ni ipi? Sheria ile ile yasema mwajiri akimtaka mtu afanye kazi saa za ziada, amlipe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kwa bwana huyu ni Sh. 6,000. Ikiwa mwajiri wake mwenyewe angemlipa 6,000 kwa saa ya usiku, sioni kwa nini mgeni amlipe chini ya hapo. Basi, saa 40 mara 6,000 ni Sh. 240,000. Ongeza matumizi 100,000, zinakuwa Sh. 340,000. Fedha hizo zote hazina budi kutoka katika zile saa 24 zinazolipwa. Gawanya: ni Sh. 14,166 na kidogo. Tuziite Sh. 15,000.

Najua wengine mmeshtuka. Kutoka 4,000 mpaka 15,000! Mteja atakimbia. Ndiyo, atakimbia ukimwambia, "Saa yangu ni 15,000," kwa sababu yeye atailinganisha na mshahara wake, kama ulivyofanya wewe. Bei ya saa ni ya daftari lako. Mteja mpe bei ya kazi nzima.

Tuseme mwenye duka la dawa ataka programu ya kutunza hesabu ya mali. Kaa chini uhesabu kazi ile itachukua saa ngapi. Ukiona saa 20, bei ni Sh. 300,000. Yeye atasema, "Nina 210,000." Hapa wengi huinamisha kichwa wakakubali. Usikubali upesi, gawanya kwanza. 210,000 kwa 20 ni Sh. 10,500 kwa saa. Si mbaya? Ikiwa kazi zako zote za mwezi ni za bei hiyo, 24 mara 10,500 ni 252,000. Toa matumizi 100,000, zimebaki 152,000. Gawanya kwa zile saa 40. Sh. 3,800. Umeshuka chini ya mshahara wako wa mchana. Mjibu kwa upole: "Kwa 210,000, mzee wangu, nitakufanyia kazi ya saa 14. Programu itaandika mali inayoingia na inayotoka. Mambo ya kuchapa risiti tutayaacha mpaka utakapokuwa tayari." Umepunguza kazi, na saa yako imebaki 15,000. Mara nyingi atazipata zile 90,000 kabla hamjaagana.

Kisha andika. Karatasi moja yatosha: nitafanya hiki na hiki, bei ni kadha, nusu kabla ya kuanza, nusu siku ya kukabidhi. Mtie sahihi wote wawili. Bila karatasi, mteja ataongeza "na hiki kidogo", na kesho "na dukani kwa shemeji yangu pia", na wewe utaona haya kukataa. Kama anayekulipa ni kampuni, muulize kabla kama atakata kodi ya zuio, usije ukahesabu fedha ambazo hazitafika mkononi.

Nawaambia haya nikiwa mtu aliyeumia. Mwaka 2019 nilimtengenezea jamaa mmoja hesabu za mishahara ya watu wake katika kompyuta, jioni nane mfululizo. Aliponiuliza bei niliona aibu, nikasema, "Utakachonipa." Akanipa kuku. Alikuwa kuku mzuri sana, sina neno naye. Lakini mke wangu aliuliza kama na shule yetu inapokea kuku, sikuwa na jibu. Wala jamaa yule sikuweza kumlaumu: aliniuliza bei, nami sikumwambia. Kwa ndugu wa damu, kama wataka kumsaidia, msaidie waziwazi: andika bei kamili, kisha andika chini yake, "nimekupunguzia kadha." Hapo atajua umempa nini.

Yako mambo mawili ya mwajiri wa mchana. Soma mkataba wako kabla ya yote, maana mingine yakataza kazi ya pembeni, au yataka upate ruhusa kwanza. Na saa zake usiziguse, wala kompyuta yake, amekwisha kuzinunua. Tena angalia usingizi. Sheria imeweka mwisho wa saa za ziada kuwa 50 kwa majuma 4, na bwana wetu yuko kwenye 40 tayari. Sheria ile yamhusu mwajiri, lakini mwili haujui nani anautuma. Bei mbaya ndiyo humfanya mtu aongeze saa. Akitoza vizuri huenda akafunga Jumamosi moja akakaa na watu wake.

Kazi ya nyumbani, iandikeni. Mama mmoja ameajiriwa mchana, jioni hushona magauni. Cherehani yake ni ya Sh. 360,000, nayo itamfaa miaka 3. Nyuzi na mafuta ni Sh. 12,000 kwa mwezi, umeme Sh. 8,000. Kwa mwezi hutumia saa 30, lakini 10 katika hizo ni za kwenda kununua nyuzi na kuwapima watu. Ataka apate Sh. 2,000 kwa kila saa katika zote 30. Gauni moja lamchukua saa 3 za kushona. Akiulizwa bei ya gauni, aseme ngapi?

Leteni majibu darasani, na juma lijalo tutayasahihisha pamoja. Kwaherini.