Betri Haizai Umeme

Neno letu la leo limo katika kitabu cha nabii Zekaria, sura ya 4. Lakini kabla ya kulifungua, na tuitazame pikipiki, maana wengi wetu tunayo nyumbani, na wasio nayo hubebwa na vijana wa bodaboda.

Mwenye pikipiki aibonyeza stata asubuhi, nayo yakohoa na kunyamaza. Honi hailii vizuri, na taa ni hafifu kama kaa la moto. Asema, "Betri imekufa," akaipeleka kuchajiwa. Siku ya kwanza mambo ni mema. Siku ya tatu ni yale yale. Anunua betri mpya, nayo yafa vile vile. Pesa za karo zimekwenda, na bado usiku taa zaweza kumzimikia njiani huku lori laja mbele yake.

Kosa li wapi? Ni kudhani kwamba betri huzaa umeme. Betri ni ghala. Hutunza kile ilichopewa. Umeme hutoka katika injini, pale sumaku izungukapo penye koili za waya. Kutoka hapo hupita katika rektifaya, ambayo huufanya utembee upande mmoja tu, na regyuleta, ambayo huuzuia usizidi. Ndipo uingie katika betri.

Kwa hiyo tusinunue kabla ya kupima. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, tuvitazame vichwa vya betri. Je, vimelegea? Vina unga mweupe? Na waya wa athi, ule ufungwao kwenye fremu, umeshika kutu? Mara nyingi taabu ni hiyo tu, na spana na brashi zatosha.

Pili, tuchukue mita ya umeme. Betri ya asidi ya volti 12, iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa, husoma kama 12.6 au zaidi kidogo. Kisha tuwashe injini, tuongeze mafuta kiasi, tusome tena. Mita ikipanda hadi kati ya 13.5 na 14.5, betri inachajiwa. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, haichajiwi, hata tukinunua betri kumi. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa na betri itachemka. Lakini tusiichomoe betri injini ikinguruma, wala tusilete moto karibu nayo, maana hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Katika pikipiki nyingi nyaya tatu hutoka kwenye koili. Fundi huchomoa plagi yake, akapima umeme baina ya kila waya na mwenzake injini ikizunguka. Vipimo vyote vitatu vyapasa kulingana. Kimoja kikipungua, koili imeharibika. Vikilingana vizuri, atazame rektifaya na nyaya ziendazo kwenye betri.

Tena kuna jambo la kushangaza. Pikipiki nyingine ndogo zina koili ya pekee kwa ajili ya plagi ya moto. Hizo hupigwa kiki na kwenda hata betri ikiwa imekufa. Mchana mwenyewe haoni neno. Giza liingiapo ndipo ajuapo kwamba hana taa.

Ndugu zangu, je, sisi si kama hizo? Kwaya yaimba, kamati zakutana, wazee na akina mama wa ushirika wazunguka huku na huku. Injini inakwenda. Kisha giza laingia: ugonjwa, msiba, au mtoto apoteaye. Ndipo tuonapo kwamba tumekuwa tukienda pasipo taa.

Zekaria alionyeshwa kinara cha dhahabu chenye taa saba, na mizeituni miwili kando yake, mafuta yakipita katika mirija. Taa zile hazikujitegemea. Ndipo Zerubabeli, aliyekuwa akilijenga hekalu, akapewa habari kwamba kazi ile itatimizwa na Roho wa Mungu, wala si na wingi wa watu.

Wengi wetu twachajiwa Jumapili, na Jumatano tumekwisha. Tukiona hivyo twalaumu mchungaji, au twahamia kanisa lingine, kama mtu anunuaye betri mpya. Na tutazame kwanza pale tulipoungwa na Bwana. Je, sala ya asubuhi imelegea? Kuna kutu ya ugomvi na jirani ambao hatukuusuluhisha?

Wala tusijipime Jumapili peke yake, maana siku ya kupumzika sote twasoma vizuri. Kuchaji hupimwa injini ikifanya kazi. Na tujipime Jumatano: shambani, sokoni, ofisini, na jioni tukiwa na watoto wetu.

Na tuombe. Ee Bwana, sisi hatuzai nuru, twapokea kwako. Ondoa kutu iliyotutenga nawe, utujaze kila siku kwa Roho wako, na uwalinde wote wasafirio usiku huu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.