Kitabu kitoke, kiende nyumbani

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mutualite, Baraka, na wafanyakazi wanaofuata maktaba ya vijana



Kamati ilituomba tuseme juu ya maktaba ya vijana. Tunajua swali linalotembea katika kartie. Wengi wenu mmetuuliza wazi: chumba tunakilipia kila mwezi, vitabu vimepangwa, lakini vijana wanaoingia ni wachache, juu ya nini tusikigeuze depo ya mahindi, kituingizie franka? Swali ni la haki, pesa ni ya wanachama. Tutajibu bila kuzunguka, kisha mutaamua.

Mbele ya yote, tutazame hao vijana ni nani. Boti za HCR zilianza kuleta watu hapa kutoka Kigoma mwaka 2005. Kambi ya Lugufu ikafungwa 2009. Nyarugusu ndugu zetu wako mpaka leo, na familia zingine zimeendelea kurudi kidogo kidogo. Kwa hiyo vijana wetu wengi walizaliwa ng'ambo ya ziwa. Wanasema Kiswahili kizuri, Kibembe kidogo, na Kifaransa cha kuokota. Lakini sekondari ya hapa ni Kifaransa, na Exetat ni Kifaransa. Matokeo munayaona: kijana wa miaka 17 anakaa benchi moja na watoto wa miaka 13. Mwalimu akimwambia asome kwa sauti, anatazama chini.

Kijana huyo akiingia maktaba, kitabu anachoweza kusoma bila kukwama ni kile chenye picha ya sungura. Kile cha darasa lake hakielewi. Basi anakaa dakika kumi, anachaji telefone, anatoka. Watu wanasema vijana wa leo hawapendi kusoma. Sisi tunaokaa nao tunasema hapana: haogopi kitabu, anaogopa wenzake wamuone na kitabu cha mtoto.

Jambo la pili ni saa. Vijana wanaume wengi wanaenda ziwani usiku kuvua ndagala kwa taa. Asubuhi wanaanika, wanauza, wanashona nyavu, wanalala. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haivuti samaki, mitumbwi inapumzika. Na daftari letu la mahudhurio linajaa wiki hiyo hiyo. Anayetaka kujua kama vijana wanapenda kusoma, alifungue daftari hilo na kalenda ya mwezi pembeni. Wasichana nao wana saa yao: katikati ya kuosha vyombo vya mchana na kuteka maji ya jioni, kama saa nane mpaka saa kumi. Jioni wazazi hawawaachilii, na wana haki, barabara ni giza. Kwa hiyo tulihamisha saa za kufungua: mchana kwa wasichana, na usiku wa mwezi mkubwa tunawasha taa ya sola kwa ajili ya wavuvi. Tangu hapo chumba kimechangamka, lakini hakitoshi kwa wote, na hakitatosha.

Jambo la tatu ni vitabu vyenyewe. Ndugu wafadhili, tunawashukuru kwa kila katoni. Mtu aliyefunga katoni alifikiri watoto wetu, hilo hatulisahau. Lakini tuseme ukweli kati ya ndugu: katoni mingi zinakuja na vitabu vya watoto wadogo, vya theluji na matunda ambayo hapa hatuyajui, na vingine ni vya Kiingereza. Vijana wanaomba vitu vinne. Wanaomba vitabu vya masomo vinavyofuata programu ya Congo: hesabu, fizikia, Kifaransa, pedagojia. Wanaomba itemi, maswali ya Exetat ya miaka iliyopita. Wanaomba kamusi. Na wanaomba hadisi za watu wakubwa kwa Kifaransa chepesi. Vitabu vya Zamenga Batukezanga, kwa mfano, havikai kwenye etajere hata siku moja, sababu vinasema mambo ya ndoa, ya uchawi, ya mji, na kijana wa miaka 17 havimpi haya.

Na hapo tunafika kwenye shida kubwa, ambayo tunaomba mutusikilize vizuri. Vitabu vyetu havitoki. Sheria ya chumba, tangu kifunguliwe, ni kusomea ndani. Tunaijua sababu: karatasi ni ghali, kuna mvua, kuna mchwa, na kitabu kizuri kinaweza kuishia kufungia karanga sokoni. Lakini angalieni sheria hiyo inafanya nini. Kuko msichana mmoja wa mwaka wa tano wa pedagojia. Kitabu anachohitaji kiko kimoja tu. Kila mchana anakuja na kaye yake na anakopi kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, saa mbili, kisha anakimbia kisimani. Wenzake wanne wanangojea kitabu kile kile. Mwaka wa masomo utaisha mbele hajafika katikati.

Shule ya msingi ya serikali hailipishwi tangu 2019, lakini sekondari mzazi bado anatoa. Familia iliyouza mbuzi juu ya minervale haiwezi tena kununua kitabu. Tukiwaambia waweke dhamana ya franka ndiyo wachukue kitabu, tumewafungia wale wale tuliowafungulia mlango.

Lakini wazee, mutualite hii inajua kukopesha. Katika vikundi vyenu vya AVEC munatoa pesa kwa mtu asiye na nyumba ya matofali wala karatasi ya parsele. Munampa kwa sababu watu wawili wamesimama mbele ya kikundi wakasema: tunamjua, tutamfuata. Kama neno la wanachama wawili linatosha kutoa pesa, linatosha kutoa kitabu cha hesabu.

Tulijaribu kidogo, kwa ruhusa ya kamati, na watoto wa vikundi viwili tu. Kijana anachukua kitabu kwa wiki mbili, na mwanachama mmoja wa kikundi chake anatia sahihi. Vyote vilirudi. Kimoja kilirudi kimevimba, maji ya ziwa yaliingia nyumba usiku. Mama aliyetia sahihi alikileta mwenyewe, amekianika juani, amekipiga pasi kurasa moja moja. Hatukumwomba. Alisema sahihi yake haiwezi kulala chini.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwa wanachama: mupige kura leo ili kila kikundi cha AVEC kisimamie vijana wake, na kitabu kitoke kiende nyumbani. Kwa wafadhili: mbele ya kutuma katoni, mutuulize, nakala 10 za kitabu kimoja cha fizikia zinatusaidia kuliko vitabu 100 vya kila aina, na kama munaweza, mulipe posho ya kijana anayelinda chumba, sababu bila yeye hakuna saa ya mchana wala ya usiku. Na kwa wote: musitupime kwa vichwa vilivyo ndani ya chumba siku ya kupiga picha. Vitabu vikianza kutoka, etajere zitakuwa tupu. Siku mutakapoingia mukute hakuna kitu juu ya mbao, musiulize nani ameiba. Fungueni daftari, musome majina ya watoto wenu.

Depo ya mahindi tunaweza kuitafuta pengine, hata nyuma ya soko. Yule msichana wa pedagojia hana pengine pa kwenda.